Ubaguzi wa rangi chuo kikuu: unajificha wapi, na vyuo vilivyojaribu kuutoa vilifanyaje

Kuna mchezo ambao ukiufuatilia mara mbili tatu unaujua mpaka mwisho wake. Inavuja video, au skrinishoti ya grupu la WhatsApp la bweni fulani, watu wanawaka mitandaoni, kufika jioni makamu mkuu wa chuo ameshatoa tamko kwamba chuo hakivumilii ubaguzi wa aina yoyote, wiki inayofuata inaundwa kamati, wahusika wanasimamishwa masomo, inaandaliwa semina, afu kimya. Miaka inapita, chuo kingine, bweni lingine, tamko lilelile. Na kila safari kuna watu wanashangaa kwa dhati kabisa, eti si haya mambo tulishayamaliza?

Chukua Afrika Kusini. Mwaka 2008 ilivuja video kutoka Chuo Kikuu cha Free State, Bloemfontein, wanafunzi wanne wazungu wa bweni la Reitz wamewachukua wafanyakazi weusi watano wa usafi, watu wazima wa umri wa wazazi wao, wanawashindanisha kwenye michezo ya kuwadhalilisha na kuwalisha mchuzi ambao mmoja wa wanafunzi anaonekana kama anaukojolea. Walikuwa wanapinga mpango wa chuo wa kuchanganya weusi na weupe kwenye mabweni. Mwaka 2010 wakakiri kosa mahakamani wakapigwa faini. Sasa sogea mpaka Mei 2022, chuo kingine, Stellenbosch, mwanafunzi mzungu anaingia usiku kwenye chumba cha mwenzake mweusi na kukojolea vitu vyake. Yaani hata staili haikubadilika. Chuo kikamfukuza, na kikamwita jaji mstaafu wa mahakama ya katiba, Sisi Khampepe, achunguze hali nzima, na ripoti yake ikasema, pamoja na juhudi zote za chuo kubadilika, wanafunzi na wafanyakazi weusi bado wanajiona hawakaribishwi pale.

Matukio kama hayo yanauma, lakini kwa upande wa kuyaelewa ndio mepesi kuliko yote. Kuna video, kuna mkosaji, kila mwenye akili timamu anakubali ni unyama. Kazi ngumu ni ule ubaguzi ambao hauna video, uliojificha kwenye maamuzi ya kawaida ya kila siku, nani anajibiwa barua pepe, nani anapata supavaiza mzuri, nani anaambiwa "jaribu kozi rahisi kidogo", malalamiko ya nani yanalala kwenye droo. Mimi naamini chuo kinachotaka kupambana na ubaguzi kwa ukweli kinaanzia huko, kwenye namna maamuzi yanavyofanyika na kwenye kuhesabu matokeo yake, na matamko yaje baadae kama yakibaki na kazi.

Tuanze na barua pepe, maana kuna utafiti mmoja mtamu sana. Watafiti watatu, Katherine Milkman, Modupe Akinola na Dolly Chugh, waliandika barua pepe kwa maprofesa zaidi ya 6,500 kwenye vyuo 259 vya Marekani. Kila barua ilijifanya imetoka kwa mwanafunzi anayetaka kuja kusomea uzamivu, anaomba dakika kumi tu aonane na profesa. Maneno yalikuwa yaleyale herufi kwa herufi, kilichobadilika ni jina la chini, mengine yakisomeka kama ya mzungu, mengine ya mweusi, ya Mlatino (mwenye asili ya Amerika ya Kilatini), ya Mhindi, ya Mchina, ya kiume na ya kike. Walipoomba kuonana wiki ijayo, wenye majina ya wanaume wazungu walikubaliwa mara nyingi zaidi kuliko wengine wote. Walipoomba kuonana leo hiihii, tofauti hiyo haikuonekana.

Hebu tafakari hapo kidogo. Profesa akiulizwa "una nafasi leo?" anaangalia ratiba, ipo au haipo, kwisha. Akiulizwa kuhusu wiki ijayo anaanza kujiuliza kama huyu mtu anastahili muda wake, na hapo kwenye kujiuliza ndipo ubaguzi unapoingilia mlango wa nyuma. Maprofesa wengi kati ya hao ukiwapima moyo utakuta hawana chuki na mtu, pengine wanaandamana kabisa dhidi ya ubaguzi. Na kitu kingine kilichowashtua wengi ni kwamba idara zenye maprofesa wengi wanawake au weusi hazikuwa nafuu kihivyo, kwa hiyo ile imani kwamba tukishaajiri watu wa rangi zote tatizo linajifia lenyewe, hapana. Kuajiri ni muhimu kwa sababu zake nyingine, ila hakufanyi kazi hiyo peke yake. Kinachosaidia ni kupunguza ile nafasi ya mtu kuamua kwa hisia, mfano idara kuwa na saa zilizotangazwa ambazo mwombaji yeyote anajiandikisha mwenyewe, au maombi yote kujibiwa kwa utaratibu mmoja na mtu mmoja.

Kabla hatujaenda mbele, kuna sehemu watu wanabishana sana bila kuelewana. Kumpa kila mtu kitu kilekile ni jambo moja, kuhakikisha kila mtu ana njia ya kufika ni jambo lingine. Chuo kikisema ada ilipwe ndani ya siku 14 na asiyelipa anafutwa kwenye mfumo, sheria hiyo haijataja rangi ya mtu, wote sawa. Lakini kama wanaotegemea mkopo unaochelewa wengi wao ni wa kundi moja, basi kila muhula sheria hiyo isiyo na ubaguzi itawafuta watu wa kundi lilelile, na hakuna mtu hata mmoja utakayemnyooshea kidole. Ndio maana mtu anayeuliza "nionyeshe mbaguzi ni nani" wakati mwingine anauliza swali lisilo na jibu, na bado madhara yapo.

Sasa stori ninayoipenda kuliko zote kwenye mada hii. Miaka ya 1970 pale Berkeley, California, kulikuwa na kijana anaitwa Uri Treisman, anasoma hesabu huku anasimamia wakufunzi wasaidizi. Aliona kitu kinajirudia, wanafunzi weusi wanaanguka kwenye kalkulasi ya mwaka wa kwanza kwa wingi, na ukianguka kalkulasi ndoto ya uhandisi au udaktari imekufa hapo. Akawauliza wahadhiri, kwa nini? Majibu yakaja manne yaleyale unayoyajua: hawana hamasa, wametoka shule dhaifu, familia zao hazithamini elimu, ni maskini. Wahadhiri wema, tena wenye huruma.

Badala ya kuishia hapo Treisman akaenda kuangalia. Akachukua wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya China, akawafuatilia karibu kuishi nao, namna wanavyosoma, wanakula na nani, jioni wanafanya nini. Majibu yote manne yakadondoka moja baada ya jingine. Hamasa? Hawa walikuwa watu walioongoza shule zao, wamepambana mpaka wakafika Berkeley. Familia? Wazazi walikuwa wamejifunga mkanda haswa. Maandalizi? Hata wale walioingia na alama nzuri za hesabu walikuwa wanaanguka vilevile.

Alichokiona ni kwamba wale wenye asili ya China walikuwa wakishamaliza kusoma peke yao wanakutana jioni, wanalinganisha majibu, wanaulizana, wanachekana, wanapeana mitihani ya zamani, yaani diskasheni ya kawaida kabisa. Mmoja akikwama swali anajua papo hapo kama na wenzake wamekwama au ni yeye tu. Wanafunzi weusi karibu wote walikuwa wanasoma peke yao. Walifuata maelekezo ya mhadhiri vizuri tu, saa mbili za kusoma kwa kila saa ya darasani, wamejifungia chumbani, na mtihani ukija na maksi mbovu hawaelewi wamekosea wapi, wanajiona hawana akili. Na ile tabia ya kusoma peke yako ndio iliyowavusha sekondari, kwenye shule ambazo ukionekana msomi unatengwa.

Afu chuo kilikuwa na programu za kuwasaidia, ila zilikuwa za "wanafunzi dhaifu", na mtu aliyeongoza shule nzima hawezi kwenda kukaa kwenye darasa la dhaifu, ni aibu. Treisman akageuza. Akaanzisha warsha akaitangaza kama ya wanaotaka kufanya vizuri sana, akaleta maswali magumu kuliko ya darasani, wakae makundi, wabishane. Weusi na Walatino walioshiriki wakawapita sio weusi na Walatino wenzao tu, wakawapita hadi wazungu na wenye asili ya Asia wa kozi ileile. Hakuna aliyeshusha kiwango. Mfumo huo ulikuja kusambaa vyuo vingi Marekani, na baadae mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County (UMBC), kikaanzisha mpango wa Meyerhoff wenye damu hiyohiyo, matarajio makubwa na kusoma kwa makundi, ambao umezalisha madaktari na wanasayansi weusi wengi kweli.

Nimeikalia stori hii kwa sababu inaonyesha hatari ya huruma isiyochunguza. Wale wahadhiri hawakuwa wabaya, ila maelezo yao yote manne yaliweka kasoro ndani ya mwanafunzi, na ukishaiweka kasoro pale, wewe na idara yako hamna cha kubadilisha.

Twende kwenye malalamiko, hapa vyuo vingi vinajidanganya mchana kweupe. Mwaka 2019 tume ya usawa na haki za binadamu ya Uingereza ilitoa uchunguzi wake kuhusu unyanyasaji wa rangi vyuoni. Asilimia 24 ya wanafunzi wa jamii za wachache walisema wameshanyanyaswa kwa sababu ya rangi tangu waanze kozi. Wengi wa waliofanyiwa hivyo hawakuripoti. Upande wa pili, asilimia 43 ya vyuo viliamini kila tukio linaripotiwa. Soma tena hiyo sentensi.

Kwa nini mtu haripoti? Jiweke kwenye nafasi yake. Anayekunyanyasa ni supavaiza, ndio anasaini ripoti yako ya maendeleo, ndio ataandika barua ya kukuombea kazi, na kwenye fani yako duniani kote wanaojuana hawafiki mia mbili. Au ni mwanafunzi mwenzako, alichosema ni "utani", na ukilalamika utaulizwa una ushahidi gani. Kama ni mwanafunzi wa kigeni unawaza na viza. Ukishapeleka, barua inakaa miezi, hujui imefika wapi, na siku ikirudi unaambiwa suala limeshughulikiwa ila hatuwezi kukwambia limeshughulikiwaje kwa sababu ya faragha ya mhusika. Mwenzako akikuuliza kama aripoti la kwake utamwambia nini?

Mfumo unaoaminika sio siri kubwa. Anayepokea malalamiko asiwe chini ya mkuu wa idara inayolalamikiwa. Kuwe na tarehe, ndani ya siku kadhaa umejibiwa, ndani ya wiki kadhaa uchunguzi umeisha. Mlalamikaji aambiwe matokeo, au angalau aambiwe imeamuliwa nini kuhusu usalama wake yeye. Kuwe na njia ya kutoa taarifa bila kutaja jina, ili chuo kijue angalau bweni gani au kozi gani ina moshi. Idadi itangazwe kila mwaka. Na hapa viongozi wanaogopa, maana mwaka wa kwanza wa mfumo mzuri malalamiko yanapanda, magazeti yanaandika ubaguzi umeongezeka chuo fulani, wakati kilichoongezeka ni imani. Chuo chenye wanafunzi elfu thelathini na malalamiko sifuri ndicho cha kukitilia shaka.

Udahili ndio uwanja wa vita vyenyewe. Marekani mahakama ya juu kabisa mwaka 1978, kwenye kesi ya Bakke dhidi ya Chuo Kikuu cha California, ilikataa kutenga idadi maalum ya viti kwa rangi lakini ikaruhusu rangi iwe kitu kimoja kati ya vingi vinavyoangaliwa, kwa hoja kwamba darasa lenye watu mchanganyiko linafundisha wote vizuri zaidi. Mwaka 2003 ikarudia msimamo huo kwenye kesi ya Michigan. Juni 2023, kesi ya Harvard na North Carolina, ikafunga mlango wa kuangalia rangi. Mwaka uliofuata chuo cha MIT kikatangaza weusi kwenye darasa lake jipya ni asilimia 5, wakati miaka ya karibuni walikuwa kama 13.

California yenyewe ilikuwa imeshapiga kura kukataza kuangalia rangi tangu 1996. Weusi na Walatino wakaporomoka kwenye vyuo vya Berkeley na UCLA, na vyuo vya jimbo vikaja kuieleza mahakama kwamba vimetumia zaidi ya dola nusu bilioni kwenye njia nyingine zisizotaja rangi na bado havijapata mchanganyiko unaolingana na jimbo. Texas wakabuni kitu mwaka 1997, wanafunzi asilimia 10 bora wa kila sekondari wanaingia chuo cha umma moja kwa moja. Imesaidia kiasi, ila ukiangalia kwa makini inasaidia kwa sababu shule za jimbo zimetengana kirangi, bila utengano huo mpango wenyewe unapoteza nguvu. Kichekesho kichungu.

Wanaolalamika kwamba mipango hii ni ubaguzi wa kinyume, usiwakimbie, wasikilize. Kwenye kesi ya Harvard ilionekana waombaji wenye asili ya Asia walikuwa wanapewa alama za chini kwenye kipengele cha haiba, mambo kama upendo na ujasiri, na watu ambao wengi wao hawajawahi kukutana nao. Jaji wa kwanza, 2019, hakuona kama chuo kilikusudia kubagua. Mimi naona hadithi hiyo ni ileile ya maprofesa wa barua pepe, ukimpa mtu kipimo kisichoshikika anakijaza na picha zilizo kichwani mwake, na nia nzuri ya chuo haikukifanya kipimo hicho kiwe kizuri. Harvard hiyohiyo ilikuwa inawapa upendeleo watoto wa waliosoma pale na watoto wa wafadhili, wengi wao wazungu, na upendeleo huo hukumu ya 2023 haikuugusa.

Brazil walienda njia nyingine kabisa na naona haizungumzwi vya kutosha. Agosti 2012 walipitisha sheria namba 12.711, nusu ya nafasi za vyuo vya serikali kuu ziende kwa waliosoma sekondari yote shule za umma, nusu ya hizo ziende kwa familia za kipato cha chini, na ndani yake weusi, machotara na wenyeji wa asili wapate sehemu inayolingana na idadi yao kwenye jimbo husika. Vyuo vya umma Brazil ni bure na ndivyo bora, na kwa miaka mingi vilikuwa vimejaa watoto waliosoma shule binafsi za gharama, yaani kodi ya maskini inasomesha watoto wa wenye nazo. Waliopinga walitabiri kiwango kitaanguka. Hakikuanguka, walioingia kwa mgao wamekuwa wakimaliza na matokeo yanayokaribiana na wenzao.

Shida yao ilitokea kwingine. Nani ni mweusi? Kwenye nchi yenye michanganyiko kama ile swali hilo ni mtego. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Brasília, ambacho kilikuwa kimeanza mgao mapema na kamati yake ilikuwa inaangalia picha, kilipokea maombi ya mapacha wa kufanana, mmoja akakubaliwa kuwa mweusi na mwenzake akakataliwa. Nchi nzima ikacheka, nchi nzima ikakasirika. Chuo kikabidi kirudie maamuzi yake. Baadae wakaja walaghai wazungu kabisa waliojiandika machotara wakaingia udaktari, na wanafunzi weusi wenyewe ndio waliowafichua, kwa hiyo vyuo vikarudisha kamati, safari hii zinamwona mwombaji uso kwa uso na zinaangalia anavyoonekana, sio bibi yake alikuwa nani, kwa hoja kwamba askari na mwajiri nao wanabagua kwa kuangalia. Ni utaratibu usiopendeza, ila mpaka sasa sijaona aliyeleta bora kuliko huo.

Na asitokee mtu akadhani haya ni mambo ya wazungu na weusi tu. India wanafunzi wa Dalit, watu waliowekwa chini kabisa kwenye ngazi za tabaka, wanapambana na mambo yaleyale kwenye vyuo vyenye majina makubwa, na mambo hayo yamevuka bahari, mpaka mfumo wa vyuo vya California State University mwaka 2022 ukaongeza tabaka kwenye orodha ya mambo ambayo ni marufuku kumbagulia mtu. Kenya sheria ya utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, na tume husika ilipokagua vyuo vikuu vya umma ikakuta vingi vimevunja, chuo kimejaa watu wa kabila la eneo kilipo. Wahusika wote watakwambia waliajiri kwa sifa.

Kuhusu masanamu nitapita haraka, maana yamezungumzwa sana. Machi 2015 mwanafunzi alimwaga kinyesi kwenye sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, pale Chuo Kikuu cha Cape Town, mwezi mmoja baadae, tarehe 9 Aprili, sanamu likang'olewa. Lakini kilichofuata Oktoba mwaka huohuo, maandamano ya ada, ndicho kilichogusa mifuko, na serikali ikasitisha ongezeko la ada kwa 2016. Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, mwaka 2018 walifanya kitu cha tofauti kidogo, walikaa na vitabu vyao vya hesabu wakatangaza wenyewe kwamba walipokea misaada iliyotokana na faida ya utumwa, na mwaka uliofuata wakaingia makubaliano ya pauni milioni 20 kwa miaka 20 na Chuo Kikuu cha West Indies, kule Karibiani. Chuo cha Georgetown, Marekani, walikuja kukiri kwamba mwaka 1838 Wajesuiti, mapadri wa Kikatoliki wenye chuo, waliuza watumwa 272 na sehemu ya hela ikaokoa chuo kisifilisike. Sanamu linang'olewa kwa kreni siku moja, kufungua vitabu vya mapato kunachukua miaka na kunagharimu, ndio maana wengi wanaishia kwenye kreni.

Kinachofundishwa darasani ndio kinatoka nje ya geti na kuua watu, na sisemi kwa kutia chumvi. Mwaka 2016 utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia uliwapa wanafunzi wa udaktari na madaktari wanaofanya ubingwa, wazungu, orodha ya madai kuhusu tofauti za kimwili za weusi na weupe, mengi ya uongo, mfano kwamba ngozi ya mweusi ni nene zaidi. Nusu yao walikubali angalau dai moja la uongo, na waliokubali walikuwa wanakadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo na wanakosea zaidi kwenye kupendekeza dawa.

Au figo. Tangu 1999 ilitumika fomula ya kukadiria figo zinavyofanya kazi kutokana na kreatinini ya damu, taka ambayo figo huichuja, na kama mgonjwa ni mweusi jibu linazidishwa, linapanda kama asilimia 20 hivi, kwa dhana ya jumla kuhusu miili ya watu weusi. Matokeo yake mgonjwa mweusi figo zake zilionekana kwenye karatasi nzima kuliko zilivyo, anachelewa kupelekwa kwa bingwa na kuingizwa kwenye foleni ya kupandikizwa. Vizazi vya madaktari walifundishwa hiyo fomula wakajibia mtihani wakafaulu. Wanafunzi wa udaktari walikuwa mstari wa mbele kuuliza "ila mweusi hapa maana yake nini hasa, na chotara je?", na mwaka 2021 jumuiya za wataalamu wa figo Marekani zikapitisha fomula isiyo na rangi, na mwaka 2023 wagonjwa weusi waliokuwa kwenye foleni wakaanza kurudishiwa muda walioupoteza. Hapo ndipo unaona kuangalia upya mitaala sio siasa za watu wenye muda mwingi.

Semina sasa. Frank Dobbin, Alexandra Kalev na mwenzao Erin Kelly walichambua data za makampuni zaidi ya 700 ya Marekani ya miaka 30 hivi, wakatoa matokeo 2006, kwamba semina za kupambana na upendeleo zilikuwa dhaifu kuliko karibu kila kitu kwenye kuongeza wanawake na weusi kwenye uongozi. Kilichosogeza namba ni kumpa mtu au kamati fulani jukumu la moja kwa moja, huyu ndiye tutamuuliza mwisho wa mwaka. Ni makampuni, sio vyuo, sawa, ila aliyewahi kukaa kwenye semina ya lazima ya saa mbili huku watu wanajibu meseji chini ya meza ataelewa.

Na hizo kamati nani anakaa? Mhadhiri mmoja mweusi wa idara, kila kikao yeye, kila picha ya brosha yeye, kila mwanafunzi mwenye shida anatumwa kwake, afu wakati wa kupanda cheo anaulizwa machapisho yako wapi. Msomi Amado Padilla tangu 1994 aliita hiyo kodi ya kitamaduni. Kuitibu ni kazi ya kalamu tu, zile saa zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi na kwenye vigezo vya kupandishwa, la sivyo mwacheni afanye utafiti wake.

Nimeacha mwisho Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, kwa sababu ya hali ilivyo sasa. Mwaka 2003 walikuwa wanahitimisha kama theluthi moja tu ya wanafunzi wao, na weusi walikuwa chini zaidi. Wakakaa na data. Wakagundua mfano mwanafunzi wa sayansi ya siasa akipata C kwenye kozi ya kwanza ya fani uwezekano wa kumaliza unashuka vibaya, na siku zote hakuna aliyekuwa anamwita, si amefaulu? Wakagundua kila muhula wanafunzi wanafutwa kwa madeni ya dola mia chache, wengine wamebakiza muhula mmoja wahitimu. Kwa hiyo kuanzia 2011 wakaanza kulipa hayo madeni madogo wenyewe kabla mtu hajafutwa, na 2012 wakawasha mfumo unaoangalia zaidi ya dalili 800 za hatari kila siku, ikijitokeza moja mshauri anampigia mwanafunzi simu, na wakaajiri washauri wengi ili kweli simu ipigwe. Kiwango cha kuhitimu kikapita nusu, na pengo kati ya weusi na weupe likafutika kabisa, bila hizo ruzuku wala simu za washauri kutolewa kwa rangi ya mtu.

Texas tangu Januari 2024 sheria imefunga ofisi za usawa kwenye vyuo vya umma, na tangu mwanzo wa 2025 serikali ya Trump inavibana vyuo nchi nzima kwa vitisho vya kukata fedha. Programu nyingi zilizokuwa na bango kubwa mlangoni zimefungwa. Kumlipia mtu deni la dola mia tatu ili asifutwe masomo, au kumpigia aliyepata C, sijasikia jimbo lililotunga sheria ya kukataza.